Kitanda cha Fundi wa Saa

Ukitaka kupiga chafya katika chumba cha Fundi ilikubidi ushuke kitandani, uvae viatu, utoke nje, umalizie shughuli yako kule karibu na mfereji, ndipo urudi ukae tena. Sheria hiyo haikumsamehe mtu, hata mchungaji. Sababu yake uliiona mara moja ukichungulia: katikati ya kitanda, juu ya shuka nyeupe iliyotiwa bluu na kupigwa pasi ya makaa, saa tatu au nne zilikuwa zimefunguliwa tumbo, na vipande vyake vimepangwa safu safu. Springi nyembamba kuliko unywele. Skurubu ndogo kama punje za wimbi. Chafya moja ingempa Fundi kazi ya wiki nzima.

Namwita Fundi kwa sababu ploti yote ilimwita hivyo, na kwa sababu baada ya niliyomtendea sioni haki ya kumtaja kwa jina. Tuliishi naye Makongeni, Thika, miaka ya tisini, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, mfereji mmoja katikati na kamba za nguo zilizokuwa chanzo cha ugomvi kila Jumamosi. Chumba chake kilikuwa namba saba, changu namba nane. Mimi nilikuwa nesi katika zahanati ndogo mjini, mgeni kazini, nimetoka chuoni na yunifomu bado inanukia duka. Watu wa ploti waliniita Sista na kunigongea mlango kila mtoto alipokohoa. Nilipenda sana kugongewa. Nitalisema hilo sasa hivi ili msomaji asije akanidhania mwema.

Chumba kilikuwa kimoja tu, kama vyetu vyote. Ndani yake kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, sanduku la bati, kabati lisilofunga sawasawa, na kitanda. Lakini kitanda ndicho kilikuwa nyumba. Kilikuwa kirefu, kimenyanyuliwa juu ya mikebe minne ya rangi iliyojazwa kokoto, na Fundi alikaa juu yake tangu asubuhi, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa kwa sababu nyonga yake ya kushoto haikukubali kukunjika, lenzi imekaa jichoni. Wateja walivua viatu wakakaa upande wa miguu. Akina mama waliokuwa wakifua waliwalaza watoto wao wachanga upande wa mto, na watoto wale walilala mpaka nguo zikauka. Vikombe vya chai vilikaa kwenye kipande cha ubao. Magazeti ya juzi yalikuwa chini ya godoro. Hapo ndipo alipokula, aliposoma Biblia yake, aliposikiliza habari za ndoa zinazovunjika, na hapo ndipo alipolala.

Nilimuuliza mara moja kwa nini hafanyi kazi mezani kama mafundi wengine wa mjini.

"Meza ni adui, Sista," akaniambia. "Skurubu ikianguka kwa meza inaruka. Inaenda kwa simiti, inaingia kwa ufa, kwisha maneno. Lakini ikianguka kwa shuka inalala tu hapo inakungoja."

Nilidhani hilo ndilo jibu lote. Lilikuwa jibu zuri, na mtu akipewa jibu zuri mara nyingi huacha kuuliza.

Kitu kilichotuchekesha wote ni kwamba Fundi hakujua saa. Alikuwa na saa arobaini hivi chumbani, zimening'inia kwenye misumari, na kila moja ilikuwa na maoni yake. Moja ilisema saa nne, nyingine saa tisa, nyingine imesimama tangu enzi ya mwenye nyumba wa kwanza. Yeye mwenyewe mkono wake ulikuwa mtupu. "Sista, saa ngapi sasa?" angeniuliza kupitia ukutani, na mimi ningemjibu kwa saa ya plastiki niliyonunua kwa mchuuzi wa barabarani, saa ambayo alikataa hata kuitazama. Kanisani alifika wakati wa sadaka. Mazishini alifika watu wakinawa mikono. Ukimwambia amechelewa alisema haraka ni ya mwenye saa, si ya fundi.

Jambo la pili lililojulikana juu yake ni kwamba hakuweza kusema uongo. Sisemi hakupenda, hakuweza, kama vile nyonga yake isivyoweza kukunjika. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja na saa ya babake, ya kutia ufunguo, akiwa na haraka ya kuivaa siku ya harusi. Fundi aliifungua, akaitazama kwa muda mrefu, akaifunga.

"Hii imekufa."

"Si ujaribu tu, Fundi?"

"Nimekwambia imekufa. Na usipeleke kwa mwingine. Atakwambia inapona, na atakula pesa yako. Vaa tu hivyo. Kwani bibi harusi atakuuliza saa?"

Kijana alikasirika, akaondoka, akaoa. Miezi miwili baadaye alirudi akiwa na mkewe kumletea Fundi ndizi. Watu wengi walirudi namna hiyo. Fundi aliwaambia wanaume kwamba mashati yao hayajafuliwa, aliwaambia wanawake kwamba chai yao ni maji, na alimwambia mwenye nyumba mbele yetu wapangaji kwamba choo kile hata nguruwe angekikataa. Choo kilijengwa upya. Kwa hiyo mtu huyo aliposema jambo, ploti ililichukua kama lilivyo.

Usingizi wake, kwa jinsi nilivyouona kabla sijaugusa, ulikuwa wa vipande vipande. Angekuwa anafanya kazi, kisha kidevu kinashuka, lenzi bado jichoni, kibano bado mkononi, na analala dakika kumi au ishirini huku mteja amekaa miguuni pake ananyamaza kwa adabu. Kisha anaamka na kuendelea na skurubu ileile. Alfajiri alikuwa macho kabla ya jogoo wa jirani. Hakuwa mnyonge, hakuwa na macho mekundu, mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Uzee una namna zake, na ile ilikuwa yake.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Asubuhi moja tulikutana mfereji ukiwa bado unakohoa hewa. Nikamsalimia kama tunavyosalimiana.

"Umelalaje, Fundi?"

"Nimelala kidogo kidogo tu, Sista. Nilikuwa macho tangu kabla ya jogoo."

Mtu mwingine angesema pole akachota maji yake. Yule mzee alikuwa ananisalimia. Mimi nikamfanya mgonjwa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tatu, na siku ya mwisho mtaalamu mmoja mwenye tai alitufundisha usingizi bora. Kitanda, alisema, ni cha kulala tu. Usile kitandani, usisome, usifanye kazi, usisikilize redio, usipige soga. Usipande kitandani mpaka uwe na usingizi, na ukipanda ukakosa kulala, shuka, nenda chumba kingine, ukae huko mpaka usingizi uje. Ubongo, alisema, ujifunze kwamba kitanda na usingizi ni kitu kimoja. Niliandika yote kwa kalamu ya rangi mbili. Nilirudi Makongeni nikitafuta mtu wa kumponya, na mtu huyo akatokea akiwa na ndoo mkononi.

Jioni ile nilimwendea. Nilisimama mlangoni na daftari langu nikamsomea sharti moja baada ya jingine. Alisikiliza akiwa ameondoa lenzi, jambo alilolifanya kwa mambo makubwa tu. Nilipofika kwenye lile la chumba kingine niliona macho yake yakizunguka kuta nne za chumba chake, polepole, kama mtu anayehesabu. Mimi sikuona aibu. Nikasema, "Au hata kwa stuli tu, Fundi, bora isiwe kitanda."

"Na kazi?"

"Kazi ndiyo mbaya zaidi. Ubongo wako unaona kitanda unafikiria saa."

Akauliza swali ambalo nalikumbuka vizuri kuliko majibu yangu yote: "Na hiyo imeandikwa na mtu wa wapi?"

Nikamwambia imeandikwa na madaktari. Aliyeiandika, najua leo, alikuwa na sebule. Alikuwa na chumba cha kusomea, na meza ya kulia chakula, na kiti cha kuvulia soksi, na kwa mtu wa namna hiyo kitanda kweli kinaweza kubakiziwa kazi moja. Siupingi ushauri wote. Nimeona watu umewasaidia, hasa wenye nyumba kubwa na mawazo mengi. Lakini niliuchukua kama dawa ya chupa, kijiko kimoja kwa kila mtu, bila kuangalia mtu analala wapi na kitanda chake kimekuwa nini kwake kabla sijafika.

Fundi alitii. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba alitii kama alivyofanya kazi yake, bila kuruka hatua. Kesho yake alimwita seremala. Wiki haikuisha kukawa na meza dirishani na stuli mbele yake, na kitanda kimetandikwa blanketi la kijivu lililovutwa mpaka likakaza, hakuna kitu juu yake, si kikombe, si gazeti, si mtoto wa mtu. Nilipopita nikaona nikajisikia kama mtu aliyefagia uwanja.

Wateja walianza kusimama. Stuli ilikuwa moja na fundi ndiye aliyeikalia, na kukaa kitandani kumepigwa marufuku, kwa hiyo walimkabidhi saa mlangoni wakaenda. Akina mama waliwabeba watoto wao mgongoni wakifua. Habari za ndoa zilihamia kwa muuza mboga, ambaye hakujua kutunza siri. Sikuona hasara katika hayo. Nilimwambia, "Sasa una utulivu, Fundi." Naye akasema, "Ndio, kumetulia."

Kisha skurubu zikaanza kupotea, kama alivyokuwa ameniambia. Simiti ya chumba kile ilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima. Mjane mmoja wa safu ya mbele alileta saa ya marehemu mumewe, na kipande fulani kidogo cha ndani kiliruka mezani kikaingia chini. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta Fundi kifudifudi sakafuni, ile nyonga yake imepindwa vibaya, anachokoa nyufa kwa sindano ya kushonea magunia. Siku mbili alichokoa. Siku ya tatu alijikongoja hadi kwa mjane akamwambia ukweli, kwamba amekipoteza kile kipande, na kwamba saa haitatembea tena. Mjane alilia tu, akamshika mkono. Baada ya hapo Fundi alianza kukataa saa za watu, kwanza zile za kike, ndogo, halafu nyingine.

Na usingizi? Usingizi ulikufa kabisa. Zile dakika kumi za mchana hazikuwezekana kwenye stuli isiyo na mgongo. Usiku, aliniambia, alipanda kitandani akakiona kipana. Akikosa kulala alishuka, kwa kuwa nilimwambia ashuke, akajifunika blanketi, akakaa kando ya jiko. Ilikuwa Julai. Wanaoijua baridi ya Thika mwezi huo wanajua haipigi kelele lakini inaingia. Akaanza kukohoa.

"Sista," aliniambia asubuhi moja, "nimefuata yote. Haijanishika bado."

Mngedhani hapo ningesimama. Mtoto wa shule angesimama. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumpeleka mbali, na yeye hajui.

Siku chache kabla ya hapo palikuwa na mkutano wa wauguzi mjini, na kila mmoja wetu alitakiwa aeleze jambo moja alilolifanya kwa jamii baada ya semina. Wenzangu walikuwa na mambo ya maana: vyoo, chanjo, maji ya kuchemsha. Mimi sikuwa na kitu. Nikasimama nikasema nina mzee mmoja jirani, fundi wa saa, aliyekuwa halali, nikambadilishia matumizi ya kitanda, na sasa analala usiku kucha. Nilisema hivyo. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita na mzee alikuwa analala vibaya kuliko zamani, na mimi nilijua, maana ukuta wetu ulikuwa mwembamba na kikohozi chake nilikisikia. Walipiga makofi. Msimamizi wetu, mama mmoja mkali aliyependa kuona kwa macho yake, aliandika kwenye daftari.

Kwa hiyo Fundi aliponiambia haijamshika, nilimjibu, "Endelea tu, mwili unazoea." Alikubali kwa kichwa akarudi ndani.

Msimamizi alikuja Agosti, bila kutangaza. Nilimwona langoni, akaniambia nimpeleke kwa yule mzee. Tulipita mbele ya kamba za nguo, mimi nyuma yake, tukafika namba saba. Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa kwenye stuli, meza mbele yake haina saa hata moja, macho yamevimba, shali shingoni. Msimamizi akamwamkia kwa heshima, akamuuliza moja kwa moja: "Mzee, tumesikia ulikuwa na shida ya usingizi. Siku hizi unalala?"

Fundi alimtazama. Kisha akanitazama mimi, mlangoni, muda ambao hata sasa siwezi kuupima. Naamini niliyoyaona usoni pake yalikuwa ni kuelewa. Alikuwa mtu wa kufungua vitu na kuona wapi pamekwama.

"Nalala kama mtoto, mama," akasema. "Huyu msichana amenisaidia sana."

Msimamizi akatabasamu, akaandika. Nami nilinyamaza. Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, mlango ulikuwa wazi, na mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata kwa ajili ya bwana harusi alikuwa amenidanganyia mimi mbele ya macho yangu. Nilimsindikiza msimamizi mpaka barabarani tukizungumza habari ya mvua. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Wangu walizaliwa mapacha, na wote wawili wanafanana na mimi.

Hatukulizungumza tena. Nilianza kupita mbele ya mlango wake haraka. Mwaka uliofuata nikahamishiwa Juja, na siku ya kuhama alinisaidia kufunga godoro kwa kamba, akiwa na fundo zuri kuliko la wabebaji, akaniambia, "Enda vizuri, mami. Usisahau watu." Baadaye nikasikia kazi imemshinda kabisa na binti yake amemchukua, yuko Ruiru, pande za Gatongora.

Juja niliendelea kuhubiri kitanda ni cha kulala tu, na nilihubiri miaka miwili mizima. Siku moja mama mmoja mwenye watoto watano, ambaye mume wake alifua nguo za wanafunzi wa chuo, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza bila hata kunikejeli: "Sasa Sista, hawa watoto homuweki watafanyia wapi? Na mgeni nikimwambia asikae kitandani, akae wapi, kwa sufuria?" Wanawake wote kwenye foleni walicheka. Nami nikacheka, kisha nikaona macho ya mzee yakizunguka kuta nne, na kicheko kikanikauka mdomoni. Sikufundisha somo lile tena. Lakini ilinichukua mwaka mwingine kupata moyo wa kwenda Gatongora. Niseme ukweli: nilitumaini nitaambiwa hayupo tena, nibaki na huzuni badala ya aibu.

Alikuwepo. Nilifika mchana wa saa nane, nimebeba mkate na majani ya chai. Nyumba ya binti ilikuwa ya mawe, mpya, na sebule yenye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, na korido yenye milango mitatu. Binti alinikaribisha kwa furaha, akanilalamikia kwa sauti ya chini kama watu wanavyomlalamikia nesi.

"Baba hataki kupanda kitandani, Sista. Anakaa tu kwa hicho kiti cha korido. Nikimwambia enda ulale, ananiambia ati bado hajakuwa na usingizi, si ruhusa kupanda. Ruhusa ya nani, haki ya Mungu? Na mimi siwezi kwenda kukaa naye huko ndani nimbembeleze. Hiyo ni kitanda ya baba. Kwetu msichana hawezi kukaa kwa kitanda ya babake."

Nilimkuta hapo koridoni, amepungua, mikono imelala mapajani haina kitu cha kushika. Alinijua kwa sauti. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima: kwamba nilikosea, kwamba masharti yale hayakuwa yake, kwamba nilisema uongo mkutanoni, kwamba alinifichia na mimi nikajificha. Nililia katikati, na sikuyamaliza vizuri.

"Wacha hiyo," akasema. "Mimi nalala poa tu."

"Fundi, hulali."

"Nalala, mami. Kama mtoto."

Alikuwa bado ananilinda. Ningepewa matusi ningeyabeba nyumbani na kuyazoea, lakini kile alichonipa sikujua nikiweke wapi. Nikasimama. Nikafungua mlango wa chumba chake, nikaona kitanda kimekazwa kama cha wodi, hakina hata alama ya mwili. Katika miaka sita ya ujirani sikuwahi kukaa kitandani kwa Fundi. Chuoni walitufundisha kwamba nesi hakai kwenye kitanda cha mgonjwa, na mimi, peke yangu katika ploti nzima, nilimzungumzisha nikiwa nimesimama mlangoni. Sasa nikavua viatu, nikapanda, nikakaa upande wa miguu.

"Fundi, kuja hapa."

Alichungulia. "Sista, wewe!"

"Mimi si binti yako. Kuja."

Binti alishika mdomo kule koridoni. Mzee alikuja polepole akishika ukuta, akapanda, akanyoosha miguu, akaegemea. Na hapo, mimi nikiwa na karibu miaka kumi ya kuhoji wagonjwa, nikauliza swali lililotakiwa kuwa la kwanza.

"Ulianza lini kufanya kazi kitandani?"

Alicheka kidogo. Kila mtu ploti aliijua hiyo, alisema, walishaisikia mara mia wakiwa wamekaa hapo. Zamani alikuwa na kibanda mjini, na meza yake nzuri, na taa. Kisha mke wake akaugua, mguu na upande mmoja wa mwili, akawa wa kulala tu. Majirani walimtazama mchana, lakini alikuwa hapati usingizi, anashtuka, anaita. Fundi akafunga kibanda, akabeba saa zote kwa gunia, akapanda kitandani kando yake.

"Sasa yeye akisikia nafanya kazi analala. Nikiacha, anafungua macho. Ananiambia, 'Fanya kazi, nilale.' Miaka mitatu, Sista, mpaka akatuacha. Na mimi nikiwa hapo kando, mkono unafanya, usingizi unanipitia kidogo, naamka, naendelea. Mimi usingizi wangu ulijifunza hapo. Haujui pahali pengine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikafikiri labda wewe umeona kitu. Mtu wa nje huona. Nikasema pengine huyu msichana anataka kuniambia imetosha, sasa nimwachilie mama aende." Akapapasa blanketi kando yake. "Lakini kumwachilia hakukuja. Kitanda tu ndicho kikakuwa kikubwa."

Nikamuuliza mke wake alikuwa mtu wa namna gani. Akaanza kunieleza jinsi alivyopika githeri akisahau chumvi kila mara na kukasirika akiambiwa, na jinsi siku ya kwanza walipokutana sokoni alivyomwambia kofia yake ni mbaya, na katikati ya habari ya ile kofia sentensi ikapungua mwendo, ikakatika. Kidevu kilikuwa kimeshuka. Alikuwa analala, saa nane na nusu mchana, mgongo ukutani, mdomo wazi kidogo.

Nilikaa. Binti alichungulia mara mbili, na mara ya pili akaketi chini sakafuni koridoni, akajifuta macho kwa leso. Mguu wangu mmoja ulikufa ganzi na sikuusogeza.

Alipoamka, alinitazama kama mtu anayetafuta amefika wapi kwenye kazi. Akaona mkate haujakatwa, akaona jua limehamia ukuta mwingine, akajua. Akaona haya. Kisha lile tabasamu lake la upande mmoja likaja, na akaniinamia ili binti yake asisikie.

"Hii usipeleke mkutanoni, Sista."

Nilimwahidi kwamba sitaipeleka popote, sitamwambia mtu. Naye aliniamini, na leo nimewaambia ninyi.